Chipu moja kwa waifai, Bluetooth na Thread: itafanya, ila kwa masharti

Mwenzetu anataka kufunga vihisi vya maji kwenye matanki ya ploti huko Kasarani, Nairobi. Anauliza kama chipu moja ya ESP32-C6 itatosha: ipokee vipimo kwa Thread (mtandao usiotumia nyaya wa vifaa vidogo vya betri), ivipeleke kwenye seva kwa waifai, na keateka naye aweze kuiunganisha na simu yake kwa Bluetooth. Nimefunga mitambo ya aina hii Umoja na Zimmerman, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha kidogo.

Ni kweli chipu hiyo inazijua njia hizo zote tatu za mawasiliano. Lakini redio iliyomo ndani ni moja tu, ya gigahezi 2.4, na inazihudumia kwa zamu kama mlinzi mmoja aliyekabidhiwa mageti matatu. Kabla hujanunua chochote, jiulize nani kati ya hao watatu anaweza kungoja.

Bluetooth ya nguvu ndogo inangoja bila neno. Simu na kifaa hupatana kukutana kila baada ya muda fulani, kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, na katikati redio iko huru. Omba milisekunde 400 badala ya 30. Keateka hataona tofauti, maana tanki la lita 10,000 halijai ghafla. (Ni ombi tu, lakini, simu ndiyo inayoamua.)

Thread inategemea kifaa kina kazi gani. Kihisi cha betri kilichoko juu ya tanki huamka, hutuma, huuliza kama kina ujumbe, kisha hulala. Hicho ukikiongezea Bluetooth hakisumbui, na chipu kama nRF52840 inaimudu kazi hiyo vizuri sana. Balaa iko kwa ruta ya Thread, yaani kifaa kinachopokea na kupitisha ujumbe wa vingine. Ruta haijui jirani atatuma saa ngapi, kwa hiyo inatakiwa kuwa macho muda wote. Pakiti kubwa kabisa, ya baiti 127, hukaa hewani kama milisekunde 4 tu. Ikifika redio ikiwa zamu ya waifai, imekwenda. Mtumaji atarudia, sawa, lakini marudio hufuatana haraka haraka, na zamu moja ndefu ya waifai inaweza kuyameza yote.

Na wewe unataka C6 iwe ruta na pia iwe mlango wa waifai. Mimi sifungi hivyo. Espressif, ambao ndio watengenezaji wake, wana bodi ya kazi hiyohiyo, nayo ina chipu mbili: ESP32-S3 ya waifai na ESP32-H2 ya Thread. Chipu ya pili utaipata Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini Nairobi, na bei yake haifiki usumbufu wa kupanda paa kila wiki landilodi akilalamika.

Ukishikilia chipu moja, basi achana na Thread. Vihisi vitangaze vipimo kwa Bluetooth, ESP32 isikilize na kupeleka kwa waifai. Hapa angalia kitu kimoja: mfano wa kusikiliza unaokuja na maktaba ya Arduino huweka mzunguko wa milisekunde 100 na dirisha (muda wa kusikiliza katika kila mzunguko) la 99. Maana yake redio iko kwa Bluetooth karibu muda wote, na utaona MQTT (njia ya kupeleka vipimo kwenye seva) ikiungana na kukatika hadi ulaumu kampuni ya intaneti bure. Shusha dirisha hadi 30. Utakosa matangazo mengine, lakini kihisi hutangaza tena na tena. Na kwenye ESP32 ya zamani usizime ile hali ya waifai kusinzia. Ukiizima huku Bluetooth imewashwa, programu inaanguka papo hapo.

Ukikubali chipu mbili, chagua chaneli ya Thread kwa makini. Kwenye ngazi za ploti zetu orodha ya waifai kwenye simu haina mwisho, na nyingi ziko chaneli 1, 6 na 11. Thread ikikaa 15 au 20 inapita katikati yao, na ikikaa 25 inakaa juu kidogo ya ile ya 11. Chaneli 26 iko mbali zaidi na waifai, ila iko megahezi 2480, palepale Bluetooth inapotangazia, chaneli yake ya 39.

Tuambie tanki ni la plastiki au la chuma, na liko ghorofa ngapi juu ya ile ruta ya waifai. Hapo ndipo tutajua antena ikae wapi.