Wanawake Ndio Wanaokatiza Zaidi Mikutanoni? Angalia Kwanza Umehesabu Nini

Swali: Mimi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata moja wilayani Bahi. Tumetakiwa kuonyesha kama wanawake wanapata nafasi ya kusema kwenye mikutano ya kijiji na vikao vya kamati ya maji. Nimerekodi vikao kadhaa kwa simu, wenyewe wakiwa wameridhia, kisha nikatia alama kila mara mtu alipoanza kusema kabla mwenzake hajamaliza. Nilitegemea kukuta wanaume wanawakatiza wanawake. Nimekuta wanawake ndio wanaoongoza kwa kukatiza. Mtendaji wa kijiji ameona hesabu akasema, "Basi hakuna tatizo, mama zetu wanajiweza." Roho yangu inakataa, ila sina hoja ya kitaalamu. Nimekosea wapi, na niandike nini kwenye taarifa ya robo?

Jibu: Dada yangu, hesabu yako inaweza kuwa sawa kabisa na bado mtendaji akawa amekosea. Ulichohesabu ni sauti kupishana. Unachotakiwa kuonyesha ni nani ananyang'anywa nafasi ya kusema, na hilo halionekani mpaka ufuatilie kilichotokea baada ya sauti kupishana. Aliyekuwa anasema alimaliza? Hoja yake ilichukuliwa na kikao, au ilifia palepale?

Chukua vipande viwili vya aina ambayo bila shaka imo kwenye rekodi zako. Cha kwanza ni akina mama wawili wa kamati ya maji:

— Tulipofika pale kituoni tukakuta koki...
— Imeng'olewa kabisa!
— Imeng'olewa, maji yanamwagika tangu usiku, na mlinzi hayupo.

Cha pili ni mama mmoja na mjumbe mwanamume:

— Mimi naona fedha za mfuko zianze na lile bomba la kitongojini kwetu, maana...
— Mwenyekiti, bomba tulishalimaliza. Twende kwenye posho ya mlinzi.
— Haya, posho ya mlinzi. Nani anaanza?

Kwa utaratibu wako kila kipande kimepata alama moja, na alama ya kwanza imemwangukia mwanamke. Lakini sikiliza tena. Katika kipande cha kwanza mama aliyedakiwa amelichukua neno la mwenzake, akalirudia, akaendelea na habari yake hadi mwisho. Amesaidiwa kusema. Katika cha pili mjumbe hakumjibu mama hata kwa neno moja. Amemruka akazungumza na mwenyekiti, mwenyekiti akapokea, na sababu iliyokuwa inakuja baada ya "maana" haikusikika tena. Ukiviweka vipande hivi kwenye safu moja, dhuluma na msaada vinakuwa kitu kimoja.

Watu wanaofahamiana hudakiana sana, na si wanawake peke yao. Pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda usikilize. Mtaalamu wa lugha Deborah Tannen alilichambua jambo hili mwaka 1984 kwa kutumia mazungumzo ya mezani ya marafiki, akaonyesha kwamba kwa baadhi ya watu kusema juu ya maneno ya mwenzako ni namna ya kumwambia, niko nawe. Rekodi yako ikiwa na sehemu ambapo akina mama wanazungumza wao kwa wao, wakati wanasubiri akidi itimie kwa mfano, sehemu hizo peke yake zinatosha kuipandisha hesabu ya wanawake. Zitenge. Hazihusiani na swali ulilopewa.

Usione haya kwamba umekwama hapa, maana wataalamu nao walikwama kwa miaka. Mwaka 1975 Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchambuzi wa mazungumzo 31 waliyoyarekodi sehemu kama migahawa na maduka ya dawa, karibu na chuo kikuu huko California. Katika yale 11 yaliyomhusisha mwanamume na mwanamke walihesabu ukatizaji 48, na 46 kati ya huo ulifanywa na wanaume. Habari hiyo ilisambaa mno. Mwaka 1981 Geoffrey Beattie, akitumia vipindi vya majadiliano vya chuo kikuu nchini Uingereza, akakuta wanaume na wanawake wanakaribiana kabisa, akakumbusha pia kwamba mazungumzo yakiwa machache, mwanamume mmoja msemaji sana anaweza kuivuta hesabu yote. Deborah James na Sandra Clarke walipozipitia tafiti zilizokuwepo mwaka 1993, nyingi hazikuonyesha tofauti ya maana.

Ndipo mwaka 1998 Kristin Anderson na Campbell Leaper wakaziweka pamoja tafiti 43. Kwa jumla wanaume walikatiza zaidi, ila kwa kiasi kidogo sana. Walipozitazama tafiti zilizopima ukatizaji wa kuvamia tu, ule wa kumpokonya mtu zamu yake, tofauti ikaongezeka. Hapo ndipo penye jibu lako. Kadiri unavyochanganya aina za ukatizaji, ndivyo jinsia inavyofichika.

Sasa rudi kwenye rekodi. Kwanza, usitie alama kwa mtu aliyeanza kusema kwenye silabi moja au mbili za mwisho za mwenzake. Msikilizaji huona mwisho wa sentensi ukija akajiandaa. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba mwanya kati ya swali na jibu kwa wastani ni kama sehemu ya tano ya sekunde tu, na muda huo ni mfupi kuliko ule ambao mtu angehitaji kama angengoja kimya ndipo atafute la kusema. Kugongana kidogo mwishoni ni ajali ya kawaida ya kupokezana zamu.

Kila ukatizaji unaobaki uwekee mambo matatu: aliyekatiza alikuwa anaunga mkono, anauliza ufafanuzi, au anahamisha mada, aliyekatizwa alirudi akamaliza au aliishia hapo, na ndani ya wasemaji wawili watatu waliofuata, kuna aliyeigusa hoja yake? Hilo la tatu linachosha kulifuatilia, na watu wengi huliacha. Nakusihi usiliache. Mwaka 2019 Ramya Parthasarathy, Vijayendra Rao na Nethra Palaniswamy walichapisha uchambuzi wa nukuu za mikutano ya vijiji ya India, mikutano inayofanana sana na mkutano mkuu wa kijiji wa kwetu. Walikuta wanawake wana uwezekano mdogo wa kusema na mdogo wa kuamua mada, na hata waliposema, uwezekano wa viongozi kuwajibu jambo walilouliza ulikuwa mdogo kuliko kwa wanaume. Palipokuwa na nafasi ya mwenyekiti iliyotengwa kwa mwanamke, wanawake walisikilizwa zaidi. Mtu anaweza kuachwa aseme mpaka mwisho bila kukatizwa hata mara moja, kisha kikao kikaendelea kana kwamba hakusema.

Jambo la pili ni muda. Aliyesema dakika nyingi ana nafasi nyingi za kukatizwa. Tuseme kwenye kikao kimoja wanaume walisema dakika 60 wakakatizwa mara 12, na wanawake walisema dakika 10 wakakatizwa mara 5. Ukisoma idadi peke yake, wanaume wameonewa. Gawanya sasa kwa muda: mwanamume alikatizwa mara moja kila dakika 5, mwanamke mara moja kila dakika 2. Saa ya simu inatosha kwa kazi hii, ingawa ukipata kompyuta, programu ya ELAN ni ya bure na inakuwezesha kuona sauti na kuandika chini yake nani anasema, kuanzia sekunde ipi. Na zile dakika 10 zenyewe ziandike kwenye taarifa hata kama hakuna aliyekatizwa, kwa sababu mwanamke ambaye hakusimama kabisa hataingia kwenye hesabu yoyote ya ukatizaji.

Umri na cheo usivisahau. Hapa kwetu kijana wa kiume hathubutu kumkata kauli bibi wa makamo ya mama yake mbele za watu, na bibi huyo anaweza kumzima mjumbe yeyote akitaka. Ukiandika "mwanamke" tu, bibi huyo na binti aliyeolewa kijijini mwaka jana wanakuwa mtu mmoja. Andika umri kwa makadirio, andika kama ni mjumbe au mwananchi wa kawaida, andika na mahali alipokaa. Mwenyekiti humpa nafasi anayemwona, na aliyekaa mkekani nyuma ya mkutano haonwi upesi kama aliyekaa kwenye benchi mbele ya meza.

Utakutana pia na ukatizaji wa kistaarabu, ule ulioigwa bungeni. Siku hizi hata kwenye kamati mtu husimama akasema, "Taarifa, Mwenyekiti!" Bungeni Dodoma jambo hilo lina utaratibu: Spika huruhusu, taarifa hutolewa, kisha mchangiaji huulizwa kama anaipokea. Taarifa nyingine hutolewa na rafiki anayetaka kuongezea nguvu hoja ya mwenzake, nyingine hutolewa ili kumtoa mtu kwenye mstari. Kwenye kamati ya maji kwa kawaida hakuna anayeuliza kama taarifa imepokelewa, na hapo neno la heshima linafanya kazi ya kuvamia. Lipime kwa mambo yaleyale matatu. Na ukishawishika kulinganisha na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, itumie kuona nani alipewa taarifa na mara ngapi. Sauti zilizopishana hazimo, kwa sababu yale ni maandishi yaliyokwisha kusafishwa.

Mtendaji akisema kwamba mwanamke anayejiweza hakatizwi, mweleze habari ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Tonja Jacobi na Dylan Schweers walichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa mahojiano ya mahakamani. Katika mhula wa 2015 majaji wanawake walikuwa 3, na ukatizaji uliowaelekea ulikuwa karibu theluthi mbili ya ukatizaji wote uliowapata majaji. Hao ni majaji wa ngazi ya juu kabisa ya nchi yao, na waliowakatiza walikuwemo hata mawakili, watu wanaotakiwa kunyamaza jaji anaposema. Jacobi na Schweers waliona pia kwamba majaji wanawake, kadiri walivyokaa mahakamani, walipunguza vitangulizi vya adabu kama "samahani" na "naomba kuuliza", kwa sababu vitangulizi hivyo vinampa mwingine upenyo wa kuingia kabla swali halijafika. Mwaka 2021 mahakama iliongeza utaratibu wa majaji kuuliza mmoja baada ya mwingine kwa zamu, na Jaji Sonia Sotomayor alisema hadharani kwamba tafiti za ukatizaji zilichangia mabadiliko hayo.

Ndiyo maana mimi sipendekezi semina ya kuwafundisha akina mama kujiamini. Badilisheni utaratibu wa kikao. Christopher Karpowitz, Tali Mendelberg na Lee Shaker walionyesha mwaka 2012, kwa vikundi vya watu watano watano, kwamba wanawake walipokuwa wachache na uamuzi ni wa kura za wengi, walisema kidogo kuliko haki yao kwa kiasi kikubwa. Kikundi kilipotakiwa kukubaliana wote, pengo likapungua sana. Walipokuwa wengi, kura za wengi ziliwafaa. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu 7, kati yao wanawake 3, na hilo ni jambo jema. Ila 3 kati ya 7 bado ni wachache, hivyo kwenye kikao cha namna hiyo, na kwenye kamati ya maji yenye uwiano kama huo, mwenyekiti azungushe zamu kila mmoja aseme kabla ya uamuzi. Mchangiaji wa kwanza awe mwanamke. Na mtu akikatizwa, mwenyekiti amrudishie: "Mama alikuwa hajamaliza. Endelea, mama, ulisema maana..."

Kabla hujaandika, mpe mwenzako dakika 15 za rekodi moja azitie alama peke yake, nawe uzitie peke yako, mlinganishe. Mtakapotofautiana, jadilianeni mpaka mkubaliane kanuni, muiandike, ndipo mrudie rekodi zote. Majina ya watu yatoe. Ridhaa uliyoipata ni ya kurekodi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa ofisi ya kata.

Kwenye taarifa ya robo, idadi ya jumla iweke, usiifiche, lakini isisimame peke yake. Chini yake weka mistari minne, kila mmoja ukiwa na wanawake na wanaume: dakika walizosema, mara walizokatizwa kwa kuvamiwa kwa kila dakika 10 za kusema, wangapi kati ya waliovamiwa walirudi wakamaliza, na hoja ngapi zilijibiwa. Kisha ambatisha vipande viwili vitatu vya mazungumzo neno kwa neno, kimojawapo kiwe cha mama aliyeishia kwenye "maana", na mwombe mtendaji avisome kwa sauti kwenye kikao cha kupitia taarifa.