Maswali na majibu: nesi, mizani na uzito wako

Zahanati nilipimwa nikakutwa na kilo 84. Nesi akaandika, akasema "punguza kula", basi. Nianzie wapi? (Mama, Morogoro)

Pole mama. Hapo hujashauriwa. Kilo bila urefu hazisemi kitu, na nimechoka kuona kadi zenye uzito tu. Kama una mita 1.60, uwiano wako wa uzito na urefu (BMI) ni karibu 33, na kuanzia 30 huo ni unene uliopitiliza. Rudi uombe kupimwa urefu, kiuno kwa futi kamba (kwa mwanamke, kuzidi sentimita 88 ni hatari), presha na sukari. Kisha nesi akuulize nani anapika nyumbani, unakula saa ngapi, unakunywa nini. Ukiniambia chai vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu, nitaanzia hapo: vijiko 12 ni karibu gramu 48 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi tubaki chini ya 25 kwa siku. Punguza sukari hiyo kwanza, nesi akuandikie tarehe ya kurudi. Ukipungua kilo nne au tano tu, presha na sukari huanza kushuka. Atakayekutaka ufike kilo 60 upesi anakukatisha tamaa.

Chai ya kupunguza uzito inafaa?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika. Nyingi zinakuharisha tu: unapoteza maji, mafuta yanabaki. Nyingine zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo.

Mimi ni muuguzi. Wateja wanakasirika nikigusia uzito wao.

Unagusia wapi, mwenzangu? Kama unasoma kilo kwa sauti mbele ya foleni, wana haki ya kukasirika, na hawatarudi. Mwite pembeni, muulize kama yuko tayari mzungumzie uzito, neno "bonge" lisikutoke. Halafu tazama mkanda wa presha. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizohitaji. Mbane mganga mfawidhi mpaka mkanda mkubwa upatikane.

Mwanangu wa miaka minne ni mnene. Bibi yake anasema ndiyo afya.

Shikamoo yake bibi, lakini hilo sikubaliani nalo. Mtoto akimaliza chanjo, wengi mnaacha kliniki na kadi inalala kabatini. Mpeleke, apimwe uzito pamoja na urefu. Usimnyime chakula, bado anakua. Soda na juisi za boksi ndizo ziondoke nyumbani, kwa wote, si kwake peke yake.

Gym au kutembea?

Kutembea, kwa mwendo wa kuhema kidogo, dakika 30, siku tano kwa wiki.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imeninenepesha. Niache?

Kwa baadhi ya wanawake kweli huongeza uzito. Lakini usiache kimyakimya, dada, mimba itakukuta hujajipanga. Nenda kabla tarehe ya sindano haijapita, mwombe nesi alinganishe uzito wa leo na ule wa siku ulipoanza, kisha mjadili kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Akikuambia "vumilia tu", omba kuonana na mwingine.