Zana za mkono, tununue seti au moja moja? Maswali na majibu

Barua zilizotufikia hivi karibuni zinauliza, kila moja kwa namna yake, kama zana zinazouzwa zikiwa zimepangwa ndani ya kasha zina ubora ule ule wa zile zinazotundikwa dukani na kuuzwa moja moja. Nimezijibu kwa urefu unaotofautiana, kwa sababu baadhi zinahitaji maelezo na nyingine zinahitaji jibu tu.

Shikamoo fundi. Nimemaliza mafunzo ya ufundi magari VETA na ninataka kuanza kazi katika gereji ya mjomba wangu hapa Morogoro. Akiba yangu inatosha kununua kasha moja la vipande zaidi ya 100, au zana chache za bei ya juu. Ninunue lipi?

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Usikubali idadi iliyoandikwa juu ya kasha ikuamulie. Katika makasha ya aina hiyo kila kitu huhesabiwa: biti ndogo ya bisibisi ni kipande kimoja, na mkono wa racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaozungusha soketi, nao ni kipande kimoja, hivyo mara nyingi thuluthi ya idadi hiyo au zaidi huwa ni biti ambazo fundi wa injini atazigusa mara chache sana. Hesabu saizi utakazozitumia. Kama magari mengi yanayoingia kwa mjomba wako ni ya Kijapani, kazi kubwa itafanywa na saizi za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota. Saizi 13, 16 na 18 zitahitajika siku ikija gari ya Kijerumani.

Kwa soketi na spana ninakushauri ununue seti, kwa kuwa faida ya zana hizi imo katika mfuatano wa saizi, na anayezinunua moja moja tangu mwanzo hulipa zaidi na bado hubaki na mapengo. Lakini iwe seti ya aina moja: soketi peke yake, za tundu la mraba la nusu inchi, kisha spana zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili. Liache kasha linalochanganya soketi, koleo, nyundo, bisibisi na msumeno. Kasha la namna hiyo hupangiwa bei kwanza, kisha hutafutwa vitu vya kulijaza kwa bei hiyo, na kinachopunguzwa ubora ni kile ambacho mnunuzi hana kawaida ya kukikagua.

Unapokwenda dukani, chukua mfukoni bolti mpya yenye kichwa cha saizi 14 ambacho hakijaliwa kona. Ingiza mdomo wa spana, kisha pete, kisha soketi. Kila kimoja kinapaswa kuingia bila kulazimishwa na kuchezacheza kidogo mno. Tazama pia ndani ya soketi. Yenye pembe 6 husukuma ubavu wa nati, ilhali yenye pembe 12 hushika karibu na kona, na kwa nati iliyoshika kutu tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itafunguka au italiwa. Tazama unene wa ukuta wa soketi ukiizungusha mbele ya macho: ukuta ulio mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine unaonyesha kwamba tundu halikukaa katikati, na soketi hiyo itapasuka pale palipo pembamba.

Mkono wa racheti ndicho kipande ambacho ningekununulia peke yake, hata kama seti inao wa kwake. Wenye meno 24 hudai uuzungushe nyuzi 15 kabla ya kushika jino jingine. Wenye meno 72 hudai nyuzi 5 tu, na ukiwa umelala chini ya gari ambako mkono hauna nafasi, nyuzi hizo 10 ni kazi nzima. Uliza pia kama vipuri vya ndani vya racheti hiyo vinauzwa. Kwa kufungulia nati zilizokaza sana tumia mkono mrefu usio na meno, usiiharibu racheti.

Kasha lina faida moja ninayoiheshimu sana: kila zana ina shimo lake. Jioni, kabla ya gari kukabidhiwa kwa mwenyewe, shimo lililo wazi linakuambia kwamba kuna soketi imebaki juu ya injini.

Jina la mtengenezaji ni lile lile. Inakuwaje basi koleo lililomo ndani ya seti liwe hafifu kuliko lile linalouzwa peke yake? Msomaji, Nakuru.

Si lazima liwe hafifu. Mtengenezaji wa spana anapouza spana zake kumi na mbili ndani ya mfuko mmoja, mara nyingi ni zile zile anazoziuza moja moja, na kinachopungua ni gharama ya kufungasha na kusambaza. Tofauti huanza pale jina linapobandikwa juu ya vitu ambavyo kiwanda hicho hakivitengenezi. Kufua spana na kutengeneza koleo ni kazi mbili mbalimbali. Koleo lina ungio, lina meno, lina makali ya kukatia ambayo lazima yawe magumu kuliko mwili wake, na kiwanda kisicho na ujuzi huo hununua koleo kwa kiwanda kingine na kulipiga muhuri wake. Aidha, kampuni nyingi zina madaraja mawili au matatu ya zana chini ya jina moja, moja la mafundi na jingine la matumizi ya nyumbani, na seti za bei nafuu hutoka katika daraja la pili.

Njia ya kujua ni kulinganisha namba ya bidhaa. Kama koleo la ndani ya seti lina namba ile ile iliyo kwenye koleo linalouzwa peke yake, umepata kitu kile kile kwa bei pungufu. Kama halina namba yoyote, lichunguze kwa mkono. Lifunge na ulielekeze kwenye mwanga: katika makali ya kukatia kusiwe na mwanya unaopitisha mwanga. Shika mataya yake na uyasukume kushoto na kulia. Ungio likicheza leo, mwakani halitashika kitu. Kisha omba ruhusa ukate waya mwembamba kwa ncha ya makali, si kwa kitako chake, kwa sababu koleo baya hukata kwa kitako na kuutafuna waya kwa ncha.

Zana ikiandikwa "Chrome Vanadium" si ni uthibitisho kwamba ni imara?

Hapana, dada. Maandishi hayo, au ufupisho wake CR-V, yanataja aina ya chuma, nayo ni aina nzuri. Katika mchanganyiko mmoja unaotumika sana, kromu huwa karibu asilimia 1 na vanadiamu huwa chini ya asilimia 0.3, na kiasi hicho kidogo kinatosha kukifanya chuma kiwe kigumu na kisichovunjika ovyo. Lakini ugumu huo haupatikani kwa mchanganyiko peke yake. Chuma lazima kipashwe moto kwa kipimo, kipozwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo zaidi. Hatua ya mwisho ikirukwa spana hukatika kama kigae, na ile ya kwanza ikifanywa vibaya mdomo wa spana hupanuka. Hakuna muhuri unaokuonyesha kama hatua hizo zilifuatwa. Na muhuri wenyewe hughushiwa.

Ninaamini zaidi zana inayotaja kiwango cha kupimwa, kama vile vya Ujerumani, DIN 3113 kwa spana au DIN 3124 kwa soketi, ikiwa na jina la mtengenezaji lililochapwa ndani ya chuma, na ikiwa inauzwa na mwenye duka anayekubali kuandika risiti na kubadilisha kilichovunjika. Kwa Tanzania, zana bandia zenye majina ya kampuni zinazojulikana ni suala la Tume ya Ushindani, na malalamiko bila risiti hayafiki mbali. Mng'ao usikushawishi hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia kutu.

Mimi ni seremala, ninatengeneza milango na fremu hapa Tanga. Seti ya patasi sita niliyoinunua haikai makali. Je, nikinunua moja moja nitapona?

Pole, ndugu yangu. Kwenye patasi ninasema bila kusita: nunua moja moja. Spana yenye kasoro ndogo bado hufungua nati nyingi, lakini patasi isiyokaa makali inaiharibu mbao na inakuchosha mkono, hasa kwenye mbao ngumu kama mninga na mkongo. Seremala wa milango anaweza kufanya karibu kazi yake yote kwa patasi ya milimita 12 na ya milimita 25, akaongeza ya 6 kwa matundu membamba ya kufuli. Nyingine zilizomo ndani ya seti hukaa sandukuni zikishika kutu. Fedha za patasi sita ziweke kwenye mbili.

Kabla hujazitupa ulizo nazo, hata hivyo, hakikisha kosa ni la chuma. Kwanza chunguza jinsi unavyonoa. Ukinoa kwa mashine ya jiwe na ncha ikageuka rangi ya buluu, sehemu hiyo imepoteza ugumu wake, na hakuna kinoo kitakachoirudishia. Inabidi uisage polepole, ukiichovya majini kila baada ya mguso, mpaka buluu yote iondoke. Patasi nyingi mpya za bei nafuu huja zimechomwa hivyo kiwandani kwenye milimita chache za mwanzo, na chuma cha nyuma yake ni kizuri. Pili, chukua tupa na uipitishe kwa upole karibu na ncha. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kutoa unga, patasi hiyo ni laini na huna la kuifanyia isipokuwa kuiweka kwa kufungulia mikebe ya rangi.

Ukienda kununua, pindua patasi na utazame mgongo wake, yaani upande usio na mteremko. Weka juu yake rula ya chuma. Ukiona mwanga katikati kidogo, si neno, kwa sababu kinoo kitagusa ncha na nyuma na hizo zinatosha. Ukiona mgongo umebinuka kwa nje, rula ikipembea, iache, kwa maana utasugua siku nzima bila kuufikia ukingo wa makali. Tazama pia mpini: uwe umenyooka na chuma, na kama ni wa mbao uwe na pete ya chuma kichwani ikiwa unagonga kwa nyundo.

Seti yangu ya bisibisi na koleo ina mipini minene ya rangi nyekundu na njano. Ninafanya kazi ya umeme majumbani. Je, mipini hiyo inanikinga?

Rangi na unene wa mpini si kinga. Zana ya umeme iliyopimwa ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, pamoja na namba ya kiwango IEC 60900, na alama hizo lazima ziwe juu ya kila zana, si juu ya kasha peke yake. Kila zana ya namna hiyo hujaribiwa kiwandani kwa volti 10,000 ndipo iruhusiwe kutumika hadi volti 1,000. Mpira laini uliovishwa kwenye mikono ya koleo la kawaida umewekwa ili mkono usiteleze, na hauna kazi nyingine. Katika bisibisi iliyopimwa, ulinzi hushuka pia juu ya shina la chuma hadi karibu na ncha.

Kwa hiyo koleo na bisibisi za umeme zinunue kwa alama hizo, iwe moja moja au kwa seti ya umeme peke yake, na ukiona ufa au jeraha kwenye mpini acha kuitumia siku hiyo hiyo. Swichi kuu izimwe kwanza hata ukiwa na zana bora. Testa ndogo inayokuja bure ndani ya seti usiitegemee kukuthibitishia kwamba waya hauna umeme.

Skrubu za nyota kwenye pikipiki yangu ya Kijapani zinaliwa vichwa kila ninapozifungua, nami natumia bisibisi mpya ya seti.

Inawezekana bisibisi yako ni nzima ila si ya skrubu hizo. Nyota zote hazifanani. Bisibisi nyingi za seti ni za aina ya Phillips, huandikwa PH na namba ya saizi, na ya PH2 ndiyo inayotumika zaidi. Pikipiki za Kijapani kama Honda na Yamaha zimetumia kwa miaka mingi skrubu za kiwango cha Japani, JIS, ambazo mara nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya Phillips haizami hadi chini ya nyota hiyo. Hubaki juu kidogo, na ukikaza mkono hupanda na kukwangua kingo. Tafuta bisibisi moja ya JIS ya saizi ya 2, na kwa skrubu zilizoganda ongeza bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka inapopigwa nyundo. Kuna pia nyota ya Pozidriv, PZ, yenye mistari myembamba ya ziada kati ya mikono yake, na bisibisi zake zisichanganywe na za PH.

Nimepoteza soketi ya 10 kutoka kwenye seti nzuri. Ninunue seti nyingine?

La. Nunua soketi hiyo peke yake, ila nenda na mkono wako wa racheti ili uhakikishe tundu la mraba ni la kipimo kile kile, robo inchi, tatu ya nane au nusu inchi, kisha sikiliza kitufe cha chemchemi kinavyoingia na kushika. Soketi ikidondoka ukiiinamisha, chagua nyingine. Na kwa saizi ya 10, kama mfuko unaruhusu, chukua mbili: moja fupi na moja ndefu, kwa sababu ndefu ndiyo inayofika kwenye nati za kishikio cha betri pale bolti inapochomoza juu.