Bibi Shamba Anajibu: Perege na parachichi kwenye baridi ya Makete

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu, nimehamia Makete nikitokea Muheza. Nyuma ya nyumba, karibu na kijito, nina bustani ya nyanya, mchicha na chainizi, miche ya parachichi niliyopanda Desemba, na bwawa dogo la perege ambalo maji yake yananifika magotini. Majirani wananiambia Juni na Julai barafu hushuka hadi majani yanaungua. Nataka kununua nailoni nitandaze juu ya bwawa lote. Nitakuwa nimefanya vizuri?
Mwalimu M., Makete

JIBU: Marahaba mwanangu. Majirani wanasema kweli, ila hiyo hela ya nailoni iweke kwanza. Ukiitandaza juu ya maji utawanyima samaki hewa.

Ugonjwa wa bwawa lako ni kina. Maji ya magotini hupoa yote kwa usiku mmoja. Mvua zikikatika Mei, punguza maji, wahamishie perege kwenye mapipa kwa muda, kisha chimba upande mmoja ufike mita moja na nusu. Usiku watakimbilia huko. Fanya kabla ya Juni, maana samaki akishikwashikwa wakati wa baridi anachubuka, na kwenye jeraha huota ukungu mweupe kama pamba. Wengi hufa kwa huo kuliko kwa baridi yenyewe.

Halafu funga mfereji wa kijito. Najua wengi huko hupenda maji yapite bwawani mchana na usiku, lakini hayo ni mambo ya trauti, samaki wa maji baridi yanayotiririka. Perege anataka maji yaliyotulia yakapata jua. Ongeza tu ya kufidia yanayopungua. Na miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mianzi inayotia kivuli upande huo ipunguze.

Chakula: maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege hula kidogo, yakikaribia 16 huacha. Lisha saa saba au saa nane mchana, kiganja kidogo, utazame. Pumba ikibaki inaelea, kesho usilishe. Ikioza inamaliza hewa ya maji. Samadi nayo punguza. Vifaranga vipya usinunue hadi Oktoba.

Sasa bustani. Hewa baridi ni nzito. Usiku wa nyota nyingi usio na upepo hutelemka ikajaa bondeni. Ndiyo maana vinyungu, zile bustani za bondeni, huungua na shamba la mlimani likabaki kijani. Bustani yako iko kijitoni, basi nyanya usizitetee. Chuma hata zile mbichi zilizokomaa, ziivie ndani kwenye boksi. Mchicha utadumaa tu, ng'oa. Chainizi itavumilia, na nafasi iliyobaki weka kabichi, karoti na njegere.

Parachichi ndiyo ya kuhangaikia, kwa sababu mche wa mwaka wa kwanza ukiungua kikonyo, ile sehemu ya juu iliyobebeshwa, umerudi nyuma sana. Simika vijiti vitatu vya mianzi kuuzunguka, ezeka nyasi kavu juu na pembeni, acha uwazi upande wa kaskazini. Nyasi zisiguse majani. Ukiona jioni mbingu imetakata na upepo umekufa, hakikisha udongo umeshamwagiliwa tangu mchana: udongo wenye unyevu hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Kwa sababu hiyo hiyo, matandazo mazito yasogeze kando kwa muda. Hapa mabwana shamba wenzangu hubishana nami, kwani matandazo tunayahubiri mwaka mzima, lakini usiku wa barafu huzuia joto la ardhini lisiufikie mche.

Kuna atakayekushauri uchome matairi. Utapata moshi na ugomvi na jirani.

Majani yakiungua licha ya yote, usikimbilie mkasi. Yaache yafunike yaliyo chini yake hadi Septemba, machipukizi yakionyesha mti umefia wapi, ndipo ukate.