Filamu ya Kiswahili ya kutazama na mama

Dada yangu, umeuliza filamu gani ya Kiswahili utazame na mama, maana kusoma maandishi ya chini kunamchosha macho. Anzeni na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Nimeirudia juzi. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na inakurudisha Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, kisha anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Kiswahili chake kitamu, na taarabu inasema yale ambayo wahusika wanayanyamazia. Mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo msiiweke usiku mama akiwa ameshachoka. Mapenzi yamo pia. Kama mnaoneana haya, itazame kwanza peke yako.

Supa Modo ya Kenya, ya 2018, naipenda sana, lakini inahusu mtoto mwenye ugonjwa usiopona, nawe umesema mmetoka msibani karibuni. Hiyo isubiri. Mimi niliiweka muda mfupi baada ya kumzika shangazi, nikashindwa kuimaliza.