Menejimenti Dodoma: maswali yenu ya udahili

Inboksi imejaa maana watu wanawaza udahili, nachukua manne tu.

Mama wa Nkuhungu: Mwanangu form six kapata D na E, nyingine kafeli. Digrii ya usimamizi wa biashara ataipata?

Shikamoo mama. Kwa sasa hapana. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka prinsipo mbili, yani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, na D ni 2, E ni 1, kwahiyo ana 3. Ila asikae nyumbani, aende diploma, hata CBE, chuo cha biashara hapo mjini, akitoka na GPA (wastani wa ufaulu) 3.0 anaomba digrii kama wenzake na mara nyingi hao wa diploma ndo wanawafundisha wenzao mahesabu ya uhasibu mwaka wa kwanza.

Mdau wa Makulu: Tubishane kidogo, kwenye menejimenti mkongwe nani, UDOM au CBE?

CBE, wala sio ubishi. Ilianza Dar 1965, kampasi ya Dodoma ikafunguliwa 1983, UDOM imekuja 2007 ikianzia pale Chimwaga kwenye ukumbi wa CCM. Lakini mkongwe wenyewe yuko Morogoro jamani, Mzumbe! Pale wakoloni walianzisha shule ya serikali za mitaa 1953, wakifundisha machifu na makarani, 1972 ikawa IDM, chuo cha menejimenti ya maendeleo, 2001 ikawa chuo kikuu. Muulize mzee yeyote aliyekuwa afisa utumishi miaka ya 80 alisoma wapi, wengi watakwambia IDM, tena kwa maringo. UDSM nao kitivo cha biashara na menejimenti walikianzisha 1979.

Dogo wa Ng'ong'ona: Seminari zetu za darasani anaendesha TA (mkufunzi msaidizi), kijana kama sisi, mbona tunalipa ada kamili?

Dogo punguza munkari. TA hajaokotwa, lazima awe na GPA ya 3.8 kwenda juu, wewe unayo? Akimaliza masta anakuwa mhadhiri msaidizi, PhD ndo inampa umhadhiri, afu mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na huko juu hupandi bila machapisho. Mimi kinachonitisha ni idara yenye maTA watupu. Pita korido ya idara yenu usome vibao vya milangoni, ukikuta Dkt. na Prof. wapo na milango inafunguliwa, tulia usome usije ukala sapu, ukarudia mtihani.

Dada wa Kikuyu: HR (rasilimali watu) au procurement (manunuzi), wapi kuna ajira?

Mimi ningeenda procurement. Ina bodi yake ya wataalamu wa manunuzi na ugavi, PSPTB, ukifaulu mitihani yao na kusajiliwa una kitu ambacho aliyesoma HR hana. HR ni nzuri ila usaili wa serikali mnajaa uwanja mzima. Ukiing'ang'ania basi field, yale mafunzo kazini, usiende kutoa fotokopi, omba wakuweke kwenye masijala na mishahara.