Mshauri wangu yuko Nairobi, mimi niko Mama Ngina natembea

Kila Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwaka mmoja na nusu sasa, ukipita barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, utaniona natembea peke yangu, buibui na raba, nasema. Spika za masikioni zimefichwa na mtandio, kwa hiyo wanaokimbia asubuhi wamenizoea kama yule mama anayezungumza na nafsi yake. Mmoja aliponipita nilimsikia akinisomea Ayatul Kursi. Sikumlaumu.

Kumbe nimo kwenye kikao. Mshauri nasaha wangu yuko Nairobi, tunaongea kwa simu dakika hamsini, naye anajua kwamba natembea. Wawili watatu niliowaamini nikawaambia wameniuliza inakuwaje, na kama nao waanze. Majibu niliyowapa ndiyo haya.

Mamangu alipigwa na kiharusi akalala nyumbani kwangu miaka mitatu. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, nani tena angemuuguza? Alipofariki, watu walikuja matangani, arobaini ikasomwa, kila mtu akarudi kwake. Mimi nikabaki silali. Usiku moyo unanienda mbio hadi nikasema hii ni presha. Nikapimwa, presha sawa sawa. Daktari akaniambia nitafute mtu wa kuzungumza naye.

Nilianza papa hapa mjini, ana kwa ana. Kwenye benchi la kusubiri nikamkuta jirani ya wifi yangu. Mji wetu huu, ukipiga chafya Kizingo, Majengo wanakuambia pole. Nilipoingia ndani nikakaa mbele ya mama wa watu, mpole kabisa, ananitazama. Saa nzima nilimweleza habari za shule za watoto na bei ya unga. Kosa halikuwa lake. Mimi nikitazamwa hivyo najiona mwenyeji, nataka kuinuka nimwandalie chai.

Nikapata huyu wa Nairobi, kwa simu. Mwanzo nilijifungia chumbani, lakini mlango wetu haukai vizuri, sebuleni kuna televisheni, na mtoto hagongi hadi aone umejificha. Nikahamia bafuni, nafungulia maji yafunike sauti. Sasa hebu jaribu kumweleza mtu huzuni yako huku roho iko kwenye tangi, unahesabu maji yanavyoisha, na wa mikokoteni haji hadi kesho! Kikao cha tatu nikavaa raba nikatoka. Nilimwomba mshauri radhi, nikidhani ni utovu wa adabu. Akacheka, akaniambia hata Freud mwenyewe, yule daktari mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, mwaka 1910 alimsikiliza mtunzi wa muziki Gustav Mahler huku wakitembea katika mji wa Leiden, Uholanzi, karibu saa nne nzima.

Kikao cha nne ndicho kilichonifungua. Nilikuwa karibu na Ras Serani, kwenye mnara wa taa. Meli ya makontena ilikuwa inaingia kuelekea Kilindini, na pale zinapita karibu hadi unawaona mabaharia wameegemea vyuma. Macho yangu yalikuwa kwenye meli, si kwa mtu. Nikasikia mdomo wangu unasema: nilipoambiwa mama amekata roho, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Neno hilo nilikuwa nimelikalia miezi saba. Upande wa pili kukawa kimya, kisha akaniuliza taratibu, "Hiyo meli imefika wapi sasa?" Nikamwambia imefika sawa na mibuyu. Akasema, "Basi twende nayo, usiikimbilie." Nikaenda nayo, nalia, hadi karibu na feri ya Likoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu ambaye ulimi wake hufungwa na macho ya watu: jaribu kutembea. Miguu ikishughulika na macho yakiwa na pa kwenda, maneno hupata njia. Lakini chagua njia isiyo na jipya, ile ile kila wiki, unayoijua hadi mashimo yake. Siku moja nilijitia kubadilisha nikapitia Mji wa Kale. Vichochoro, mikokoteni, "shikamoo" kila baada ya hatua kumi, harufu ya mahamri. Dakika hamsini za pesa yangu zilikwenda kwa salamu.

Salamu ndizo adui mkubwa. Kuna siku nimo katikati ya jambo zito, mara shangazi yake mume wangu huyo mbele yangu, mikono wazi: "Umepotea wewe! Hata kuja kunijulia hali!" Na mshauri yuko sikioni anasikia kila kitu. Nilibabaika hadi nikamwitikia shangazi kwa jibu la mshauri. Tangu siku hiyo tuna sentensi yetu. Nikisema, "Ule mzigo wa Nairobi bado haujafika," anajua niko na mtu, ananyamaza. Nikisema umefika, tunaendelea. Patana na wako mapema, na iwe sentensi ambayo mama mkwe akiisikia hataki kujua zaidi.

Mambo ya simu yenyewe ni madogo lakini ndiyo yanayoharibu. Piga simu ya kawaida, usitumie ya intaneti. Ukiwa mwendoni ya intaneti hukatakata, na hakuna kinachoudhi kama kuambiwa "rudia hapo mwisho" wakati hapo mwisho ndipo ulipojikaza ukasema. Ikikatika, yeye ndiye anayepiga, mimi nasubiri. Tulipokuwa tunapigiana wote wawili kila mmoja alimkuta mwenzake anaongea. Simu iwe ndani ya mkoba, mkoba uwe mbele. Pikipiki hazichagui aliyefiwa.

Halafu kuna upepo. Hili hutalikuta kwenye maelekezo ya mtu yeyote isipokuwa sisi wa pwani. Kusi inapovuma, yaani kuanzia kama Aprili hadi Septemba hivi, upande wa bahari pale Mama Ngina mshauri alikuwa anasikia mngurumo mtupu. Nimejaribu kuziba kipaza sauti kwa ncha ya mtandio, inasaidia kiasi. Kusi ikikaza naingia mitaa ya ndani ya Kizingo, kwenye miti mikubwa, ingawa huko hakuna meli.

Mume wangu aliniuliza swali la haki: simu nayo ni dawa? Nilimtafutia jibu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 325 wa sonona kutoka eneo la Chicago. Wengine walipewa tiba ya mazungumzo kwa simu, wengine ana kwa ana. Walioacha njiani kwa upande wa simu walikuwa kama 21 katika kila 100, na kwa upande wa ana kwa ana kama 33. Tiba ilipoisha, nafuu yao ilikuwa karibu sawa. Lakini miezi sita baadaye wale waliokuwa wakikaa na mtaalamu wao chumba kimoja walikuwa na hali bora kidogo. Mume wangu akashika hilo la mwisho, mimi nikashika lile la kwanza, tukakubaliana hivi: kila baada ya miezi mitatu napanda treni Miritini, naenda kuonana naye uso kwa uso. Sasa namtazama bila kumtafutia chai.

Si kila kikao ni cha kutembea. Mara mbili mshauri alikataa, alisema, "Leo kaa chini, dada, mlango ufungwe, na dada yako awe chumba cha pili." Alikuwa sahihi, sikuwa na hali ya kuvuka barabara. Mwanzo wa kila kikao namwambia niko wapi hasa, na ana namba ya mdogo wangu. Na kama mtu amefika mahali anawaza kujidhuru, hilo si la kwenda nalo ufukweni peke yake. Amwambie mtu wa karibu, apelekwe hospitali.

Kosa langu kubwa la miezi ya mwanzo lilikuwa kukata simu nikiwa mlangoni kwangu. Unaingia na macho mekundu, mtoto anataka uji, mume anauliza shati. Siku moja nilimpigia kelele mwanangu kwa sababu ya soksi, akabaki ananitazama, soksi moja mguuni, moja mkononi. Sasa kikao kinaisha nikiwa bado mbali na nyumbani. Nakaa chini ya mbuyu dakika kumi, nanunua dafu, simu nimeizima. Yule kijana wa madafu zamani alikuwa ananiuliza, "Mama, kuna jambo?" Siku hizi haulizi. Akiniona navuta mtandio kujipangusa uso anachagua dafu la maji mengi, analikata, analiweka kando yangu bila neno, pesa anachukua baadaye.

Juzi Kaskazi imeanza kuvuma. Jumanne narudi upande wa bahari.